Suruali za Baba Mkwe

Watu wa Nakwa walianza kunisema kabla mimi mwenyewe sijagundua kitu. Mama mmoja tunayepakana naye shamba la mbaazi aliniambia, huku anacheka, kwamba siku hizi nimekuwa mkubwa mpaka baba mkwe wangu anajifulia mwenyewe. Nikadhani ni utani wake wa kawaida. Jioni nilipomwuliza mume wangu alisema ni kweli, amemwona baba yake nyuma ya choo na beseni, akaona amwache, labda mzee anataka kunyoosha mikono.

Mimi ni tabibu, ngazi ya chini ya daktari, ingawa huku kila aliyevaa koti jeupe ni daktari na nilishachoka kusahihisha. Kituo ninachofanyia kazi kiko upande wa Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, na kazi yenyewe ni ileile: homa, vifua, waliodondoka na pikipiki, wajawazito, watoto, halafu homa tena. Nikirudi nyumbani naanza zamu ya pili, jikoni na kwenye banda la ng'ombe na kwenye karo la kufulia. Kwa hiyo niliposikia mtu anajifulia suruali zake, haki ya Mungu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kushukuru.

Mzee alishuka kuja kwetu kutoka Mbulu mama mkwe alipofariki. Alikuwa mzee wa kanisa huko juu, mtu wa koti hata jua likiwaka, kofia haitoki kichwani mpaka wakati wa sala. Mimi nimetokea Iringa, ni mtu wa kuja, na nilipoolewa nilifundishwa miiko ya mkwe wa huku, ambayo kusema kweli haikupishana sana na ya kwetu. Sikuingia chumbani kwake. Sikukaa kwenye kiti alichotoka kuinuka. Kila asubuhi alikuja na kigoda chake akakaa nje ya mlango wa jiko, mimi nikiwa ndani kwenye moshi, tukaongea bila kutazamana: anasikiliza redio, ananipa habari, anaongezea na za kwake. Nyumba nzima ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza kama nimechoka. Mume wangu ni fundi seremala, mtu mwema, ila ukimwambia umechoka anakuambia hata yeye. Mzee aliuliza, halafu akasubiri jibu. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu mzazi, na sioni aibu kuliandika.

Baada ya maneno ya jirani nikaanza kuangalia. Suruali zilianikwa nyuma ya banda, zimegeuzwa ndani nje, na mbele pale palikuwa na doa ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa nalo. Kwenye kigoda alikaa upande mmoja, kama anayekalia jiwe. Chooni alikaa mpaka watoto wanagonga mlango. Kama tabibu nilijua tayari kwamba mkojo hautoki sawasawa na kwamba kuna damu. Kama mkwe sikutakiwa kujua hata kwamba mzee anakojoa.

Nikamwambia mume wangu amwulize.

"Nimwulize baba mambo ya mkojo?" akasema. "Mimi?"

Akampigia simu kaka yake mkubwa, naye akasema ni kichocho, si mnakaa karibu na ziwa. Mzee hajawahi kutia hata kidole cha mguu kwenye lile ziwa. Kila siku alisema maji yenye viboko ni ya viboko. Lakini kichocho angalau ni ugonjwa wa kutamkika mbele ya watu, kwa hiyo ukoo ukakubaliana kuwa ni kichocho, na mzee akapelekwa mjini kwa jina hilo.

Wakapima, kichocho hakuna. Wakasema UTI, wakampa vidonge. Alipata nafuu kidogo, kisha beseni likarudi nyuma ya choo. Safari ya pili akaenda kwingine, na huko, kwa sababu alijikaza akataja kwamba kuna uchafu unatoka, wakamchoma sindano za kisonono na kumwuliza anatembea na nani, eti naye aje atibiwe. Mjane, mzee wa kanisa, anaulizwa dirishani anatembea na nani. Siku ile hakula. Mume wangu ndiye aliyenisimulia, maana mzee mwenyewe hajalisema neno hilo mpaka leo. Safari ya tatu wakasema kwa umri wake hiyo ni tezi dume, akapigwa ultrasaundi, tezi ikaonekana haina ukubwa wa kuziba kitu. Akaongezewa vidonge vingine.

Nilikuwa nikizisikiliza taarifa hizi huku nakoroga ugali, na kila mara nilijiuliza swali moja: kuna yeyote aliyemvua suruali? Najua jinsi kazi yetu inavyokwenda. Anaingia mzee mwenye koti, anavua kofia, anasalimia vizuri, Kiswahili chake kimenyooka. Unampa kiti. Unamtazama usoni, unamwuliza, anajibu kwa mafumbo, unaandika. Kumwambia alale, afungue mkanda, umshike pale, unajisikia kama unamdhalilisha baba yako. Foleni ni ndefu na yeye mwenyewe hataki. Mnaagana kwa heshima kubwa, na ugonjwa unaondoka nao umestahiwa.

Kazini kwetu kuna tabibu mwenzangu, mwanaume, mdogo kwangu, kijana makini. Nikamwomba amwone mzee kama msaada kwangu. Nikamweleza kila kitu, mpaka doa, mpaka kile kigoda. Walikaa chumbani muda mrefu hadi nikaanza kuwa na matumaini. Kijana akatoka anatabasamu.

"Dada, tumeongea vizuri sana. Una mkwe mstaarabu. Nimempa dawa kali kidogo kuliko zile za mwanzo."

"Umempima?"

"Nimempima."

"Umemvua suruali?"

Akaanza kupanga vitu mezani ambavyo vilikuwa vimepangika.

"Dada, mzee kama yule. Ningeanzia wapi?"

Nilimfokea mbele ya wagonjwa. Baadaye nikakaa chumba cha sindano nikihisi uchovu ambao haukuwa wa miguu. Kumlaumu kijana peke yake ningekuwa nadanganya. Sote ndivyo tulivyo. Ugonjwa wenyewe, kama tulivyokuja kujua baadaye, ulikuwa saratani ya mrija wa mkojo. Kwa mwanaume ni kitu adimu, wengi wetu tutastaafu bila kukutana nayo, na inajificha vizuri kwa sababu kila dalili yake ina mwenyewe mwingine anayejulikana: damu ni ya kichocho, uchafu ni wa kisonono, mkojo mwembamba ni wa tezi. Ila mara nyingi, mbali na mashine zote, kuna uvimbe ambao mkono ungeukuta. Tatizo ni mkono wa nani. Wanawe walikatazwa na mila, matabibu walikatazwa na adabu, na mimi nilikatazwa na vyote viwili.

Jumapili moja mkojo ukafunga kabisa. Nilikuwa zamu. Mume wangu alimleta kwa bajaji, mzee amejikunja, jasho linamtiririka chini ya kofia, tumbo la chini limevimba na kukaza. Gari la wagonjwa lilikuwa limemkimbiza mjamzito, muuguzi alikuwa na mwingine aliyekuwa anasukuma. Nikampigia kijana, simu haipatikani; nadhani alikuwa kanisani kama watu wengine. Mume wangu alitaka warudi kwenye bajaji waende hospitali ya mjini. Mzee akakataa. Alisema hawezi kukaa tena kwenye ile bajaji, na ukimtazama ungemwamini.

Nikasimama mlangoni, siingii wala sitoki.

"Mwiteni yule kijana," akasema.

"Hayupo, baba. Nimempigia."

Akafumba macho. Maumivu yakaja, yakapita, yakaja tena. Nilidhani sasa ataniruhusu au atakataa, na sikujua lipi lingekuwa baya zaidi. Alipofumbua macho hakunitazama. Alitazama dari.

"Mama," akasema, "wewe toka nje. Mwambie daktari aingie."

Ilinichukua muda kuelewa. Mume wangu alielewa kabla yangu, akanishika bega akanisukuma taratibu mpaka kwenye korido, naye akabaki hukohuko nje, ameupa mlango mgongo. Nikavaa koti jeupe. Nikavaa kofia ya chumba cha kujifungulia ikafunika nywele zote, nikavaa barakoa na glavu. Nikarudi ndani. Mzee alikuwa tayari amejilaza, suruali ameishusha mwenyewe, na koti lake la sufu amelivuta kujifunika uso mpaka utosini.

Sikusema neno. Kama ningesema, sauti ingekuwa ya mkwe wake. Lakini kazi ile huwezi kuifanya kimya. Kila hatua unamwambia mgonjwa sasa utasikia baridi, sasa utasikia maumivu, vuta pumzi. Nikawa nagonga chuma cha kitanda kwa kidole kabla ya kila jambo la kuuma. Mara ya kwanza alishtuka. Mara ya pili nikaona vidole vyake vya mguu vinajikunja kabla sijafanya kitu, nikajua ameelewa.

Mpira wa mkojo uliingia kidogo ukagota. Nikajaribu mwembamba zaidi, ukagota palepale, ukarudi na damu. Nikapapasa kwa nyuma, chini ya korodani, na pale pakawa na uvimbe mgumu, hauchezi, ukubwa wa kokwa la parachichi. Nikapapasa nyonga, nazo zilikuwa na vijitezi vilivyokaza. Nilibaki nimeuweka mkono hapohapo. Miezi yote ile, madirisha yote yale, vidonge vyote vile, na kitu chenyewe kilikuwa hapo juujuu, mtu yeyote angekipata kwa muda wa kufunga kamba za viatu.

Nikamchoma ganzi juu ya kinena, nikapitisha sindano mpaka kwenye kibofu, mkojo ukatoka. Chini ya koti nikasikia anashusha pumzi ndefu, kisha akaanza kusali kwa lugha ya kwao, polepole. Mimi nilikuwa nalia ndani ya barakoa, pua inachuruzika, na siwezi kujifuta kwa sababu ya glavu.

Nilipomaliza nikamfunika shuka, nikatoka, nikavua kila kitu, nikanawa uso. Nikarudi na gauni langu na kitenge changu, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba. Unaendeleaje?"

"Marahaba, mama. Afadhali." Alikuwa ameshavaa kofia. "Yule daktari anajua kazi."

"Nimesikia, baba."

Kutoka pale alipelekwa hospitali kubwa, mkoa wa jirani, akawekewa mrija tumboni, akakatwa kinyama kikaenda kupimwa. Kusubiri majibu ya kinyama ni kazi kamili. Niliendelea kutibu homa za watu huku sikio liko kwenye simu. Majibu yalipotoka, bingwa wa huko alimweleza mzee waziwazi, na nilimheshimu kwa hilo: ni saratani ya mrija wa mkojo, si ya kuonekana mara nyingi, imekaa pabaya lakini bado inafikika. Dawa yake ni kisu. Wangeondoa uume wote, wakamtengenezea njia nyingine huku nyuma, na maisha yake yote yaliyobaki angekojoa amechuchumaa.

Mzee akasema atafikiri. Wanawe walikaa kwenye benchi la nje, watu wazima na ndevu zao, hakuna aliyeweza kulirudia neno lile kwa mwenzake. Kaka mkubwa alisema labda kuna dawa za asili. Mume wangu akanipigia simu, sauti imekwisha.

"Baba ananiagiza," akasema. "Anasema nimwulize yule daktari wa Bonga: kama huyu angekuwa baba yake, angemwambiaje."

Nilikuwa nimesimama karoni na suruali ya mtoto mkononi. Nikakaa chini.

"Mwambie akubali," nikasema. "Mwambie daktari amesema akatwe na aishi. Mwambie amesema anamtaka."

"Amesema anamtaka?"

"Mwambie hivyohivyo."

Akakubali. Upasuaji ulikwenda vizuri, vijitezi vya nyonga navyo wakavitoa, na bingwa alisema kama angechelewa kidogo tu wasingemgusa. Nilipoambiwa nilifurahi, nikalala mchana kutwa, nikaamka nikiwa nimechoka zaidi.

Aliporudi Nakwa ndipo nilipoanza kulipa. Hakununa, hakugomba na mtu. Aliniitikia salamu, alikula nilichopika, alishukuru. Lakini kigoda hakikuja tena mlangoni pa jiko. Redio ilisikika kutoka chumbani kwake, mlango umefungwa, na habari zake zikabaki humohumo. Nikipita uani alipo, anakumbuka kitu ndani. Tulikuwa tumetunga daktari mmoja sisi wawili, daktari asiye na sauti wala uso, na alitufaa kwa siku ile moja. Haikutosha kuishi naye nyumba moja. Kila mtu aliyemwuliza mzee afya yake alimweleza juu ya daktari yule, jinsi alivyokuwa na mkono mwepesi, na akisimulia mimi nipo alisimulia akitazama ukuta.

Mahindi yalipoanza kukomaa akasema anataka hewa ya Mbulu, akahamia kwa binti yake. Mume wangu alisema wazee wote hurudi kwao. Nilikunja nguo zake nikazitia kwenye begi na sikubisha. Ndugu walinisifu sana kipindi kile, mpaka yule mama wa shamba la mbaazi, na kila nikisifiwa nilitamani kumpiga mtu.

Mwaka huu, siku ya foleni ndefu, niliinua kichwa nikamwona amekaa kwenye benchi la wagonjwa, koti lilelile, amenenepa kidogo. Pembeni yake alikaa mzee mwingine wa rika lake, naye ana koti, ana kofia, ameshika tumbo la chini. Nilisimama haraka hadi kiti kikaanguka. Zamu yao ilipofika, baba mkwe wangu alibaki kizingitini.

"Daktari," akasema, akitazama sakafu, "huyu ni mwenzangu wa huko juu. Amepewa vidonge vya mkojo kila mahali, na kila mahali wamemwita mzee wetu. Mvue nguo. Usimstahi."

Kisha akamgeukia rafiki yake, akamwambia maneno kwa lugha yao, makali, na yule mzee akaanza kufungua mkanda.

Nilimpima pote. Hakuwa na kile nilichokiogopa. Lilikuwa kovu la ugonjwa wa ujanani lililobana njia, kitu cha kutengenezeka. Nikampa rufaa aende mjini na mwanawe aliyekuwa amewasindikiza. Nilitoka nje nikijua sitamkuta mtu, lakini baba alikuwa bado yupo, amesimama kivulini upande wa pili wa geti, anasubiri kusikia.

"Si ile, baba," nikamwambia.

"Tumshukuru Mungu."

"Twende nyumbani basi. Unywe hata chai. Watoto watafurahi."

"Nitachelewa gari, mama."

Aliniita mama, na hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia nimechoka. Nimechoka kuitwa daktari na yeye, nimechoka na mlango wa jiko uliobaki mtupu, sikumwibia kitu, nilikuwa namtaka awe hai na nikampata hai yuko Mbulu. Nilisema yote mchana kweupe, mbele ya bodaboda, mwanamke mzima namlilia mkwe wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza zamani.

"Najua, mama," akasema. "Wala sina kinyongo na wewe. Usiku nakuombea kabla ya watoto wangu. Lakini nikikuona tu, nalala tena pale kitandani."

Nilimwambia nimeelewa, nikamwomba angalau anikubalie nimsindikize hadi barabarani. Akakubali. Akatangulia na fimbo yake, nami nikatembea nyuma yake, mbali kidogo, ili asilazimike kuniona.